Mzigo wa jirani: kutoka wasiwasi hadi kuaminiana

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya redio kuhusu wasiwasi na hali ya kutoaminiana, na jinsi udadisi unavyoweza kutufungulia mlango wa imani. Yameandaliwa London.



Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kauli hiyo haimlaumu aliyeumwa. Inakiri tu kwamba maumivu huacha kumbukumbu mwilini, na kwamba kumbukumbu hiyo hupiga kelele kabla akili haijapata nafasi ya kutazama. Lakini wahenga hawakutuambia mtu huyo afanye nini baada ya kushtuka. Je, aukimbie kila unyasi hadi mwisho wa uhai wake, au ainame autazame vizuri?

Katika mazungumzo haya nitajaribu kulijibu swali hilo. Nitaanza na jiji hili ninamoishi, kwa sababu London nayo iliwahi kuumwa.

Jiji lililoshtuka

Asubuhi ya tarehe 7 Julai mwaka 2005, mabomu matatu yalilipuka ndani ya treni za chini ya ardhi, karibu kwa wakati mmoja. Takriban saa moja baadaye bomu la nne lililipuka ndani ya basi namba 30, katika eneo la Tavistock Square. Watu 52 waliuawa, mbali na washambuliaji wenyewe wanne, na mamia ya wengine walijeruhiwa. Wiki mbili baadaye, tarehe 21 Julai, kundi jingine lilijaribu kufanya vivyo hivyo, lakini mabomu yao hayakulipuka kama walivyokusudia. Washukiwa waliosakwa walikuwa vijana wenye asili ya Pembe ya Afrika.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, na bado mgeni katika jiji hili. Wakazi wa London wana desturi ya kutotazamana ndani ya treni. Kila mmoja huzama katika gazeti au kitabu chake. Ghafla desturi hiyo ilivunjika. Watu walianza kutazamana, kwanza mkoba, kisha uso, kisha mkoba tena. Nilianza kubeba vitabu vyangu mkononi, badala ya kuvitia mkobani, ili kila abiria avione.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema kwamba mimi nilikuwa mshukiwa tu. Siku moja, katika juma lile lile, mzee mmoja mwenye ndevu aliingia ndani ya treni akiwa na mfuko mkubwa. Aliketi mbele yangu, akaukumbatia mfuko wake, akafumba macho, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Moyo ulinidunda. Treni iliposimama katika kituo kilichofuata niliteremka, nikasubiri nyingine.

Babu yangu kule Tanga alikuwa akichezesha midomo yake hivyo hivyo kila jioni, akivuta tasbihi barazani, nami nilikuwa nikilala miguuni pake. Nilikuwa naujua mwendo ule wa midomo kuliko karibu abiria wote waliokuwamo ndani ya behewa lile. Bado niliukimbia. Na mpaka leo sijui ndani ya mfuko ule mlikuwa na nini.

Wasiwasi unavyojilisha

Neno letu wasiwasi lina asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka linahusiana na mnong'ono. Maelezo hayo yanafaa sana. Wasiwasi hauji na ushahidi. Huja kama sauti ndogo sikioni inayosema, vipi kama? Vipi kama ni yeye? Vipi kama ni leo?

Nilipoteremka kutoka treni ile nilipata nafuu papo hapo. Hapo ndipo penye mtego. Nafuu ile ilinifundisha somo la uongo, kwamba nimeokoka kwa sababu nimekimbia. Kumbe sikuokoka na lolote. Wataalamu wa saikolojia wanaujua vizuri mzunguko huu: mtu huogopa, hukwepa, hupata nafuu, na nafuu hiyo huipa hofu yake nguvu ya kurudi kesho ikiwa kubwa zaidi. Anayekwepa hapati kamwe nafasi ya kugundua kwamba alikuwa amekosea.

Wakati mwingine gharama yake huwa uhai wa mtu. Tarehe 22 Julai 2005, siku moja baada ya mabomu yale yaliyoshindwa, polisi wa London walikuwa wakilichunguza jengo moja la makazi huko Tulse Hill, kusini mwa jiji, wakimtafuta mmoja wa washukiwa. Alitoka fundi umeme kutoka Brazil, Jean Charles de Menezes, mwenye umri wa miaka 27, akielekea kazini. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwa yakini kwamba yeye ndiye mtu waliyemtaka. Walimfuata hadi kituo cha treni cha Stockwell, na huko wakampiga risasi kichwani akiwa ndani ya treni. Hakuwa na bomu wala uhusiano wowote na mashambulio yale.

Taarifa za mwanzo zilidai kwamba alikuwa amevaa koti zito na kwamba aliruka kizuizi cha tiketi. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba alikuwa amevaa jaketi jepesi la jinzi, alipita kizuizini kwa kadi yake ya usafiri kama abiria yeyote, na njiani alichukua gazeti la bure. Mwaka 2007 mahakama iliitia hatiani idara ya polisi ya jiji kwa kuhatarisha usalama wa umma, ikaitoza faini ya pauni 175,000.

Koti zito lile halikuwepo kamwe, lakini wapo waliosema wameliona. Hofu ikishakaa machoni, msikilizaji, hutuonyesha hata visivyokuwepo.

Cherehani ndani ya basi

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa ndani ya basi kutoka Tottenham kuelekea katikati ya jiji. Alipanda mwanamume mmoja akiwa amebeba kitu kizito kilichofungwa kwa blanketi na kamba. Alikiweka sakafuni, akakishikilia kwa mikono miwili, na jasho likimtoka. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye alihama kiti. Kisha kijana mmoja akahama. Nami nikanyanyuka.

Sijui ni nini kilichonizuia. Labda ni aibu ya siku ile ya treni. Badala ya kwenda mbali nilikwenda karibu, nikamwuliza kwa Kiingereza kama mzigo ule ulihitaji mtu wa kumsaidia kuushusha. Alinijibu kwa Kiingereza cha kubahatisha. Nikamwuliza atokako. Akasema, Bukavu.

"Basi tuzungumze Kiswahili," nikamwambia.

Uso wake ulikunjuka. "Ah, ndugu yangu! Ni mashini ya kushona, ya bibi yangu."

Nikamsifu kwa kumkumbuka bibi yake, nikamwuliza kama bibi mwenyewe bado ana macho ya kutunga uzi. Alinishangaa, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. Kwa Kiswahili cha kwao bibi ni mke, na mkewe alikuwa na umri wa miaka 29. Nilisahau kwamba hata lugha moja inahitaji kuulizana.

Tulipokuwa tukikishusha kile cherehani aliniambia jambo ambalo sijalisahau. Alisema tangu apande alikuwa akiwaona wale watu wakihama, na alikuwa akitetemeka akihofia kwamba mmoja wao atapiga simu polisi. Ndani ya basi lile kila mtu alikuwa akimwogopa mwenzake, na chanzo cha yote kilikuwa ni cherehani.

Udadisi si upekuzi

Katika malezi yetu neno udadisi halina sifa nzuri sana. Mtoto mdadisi hukemewa, na jirani mdadisi huitwa mmbeya. Kwa hiyo yafaa tutofautishe. Mpekuzi hutafuta kosa; ameshahukumu, anachotaka ni ushahidi tu. Mdadisi wa kweli huuliza kwa sababu hajui, na yuko tayari jibu limshangaze.

Tofauti hiyo aliijua vizuri mtu mmoja wa Afrika Mashariki aliyepata cheo kikubwa katika nchi hii. John Sentamu, mzaliwa wa Uganda, alikimbia utawala wa Idi Amin mwaka 1974 akaja Uingereza. Alikuwa mshauri katika tume iliyochunguza mauaji ya kijana mweusi Stephen Lawrence, aliyeuawa kusini mashariki mwa London mwaka 1993, tume ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1999. Sentamu mwenyewe, akiwa tayari ni askofu, aliwahi kusimamishwa na kupekuliwa na polisi mara kadhaa. Maswali aliyoulizwa barabarani hayakuwa udadisi.

Nalisema hili kwa sababu si haki kumtwika anayeshukiwa kazi yote ya kujieleza. Wa kwanza kuuliza kwa adabu anapaswa kuwa yule mwenye nguvu zaidi: mwenyeji kwa mgeni, mkubwa kwa mdogo, walio wengi kwa walio wachache. Hata hivyo, mara nyingine wanyonge ndio wanaotangulia, na wakatushangaza sote.

Chai badala ya mawe

Tarehe 22 Mei 2013 mwanajeshi wa Uingereza, Lee Rigby, aliuawa kikatili mchana kweupe katika mtaa wa Woolwich, hapa London. Wauaji wake wawili walidai kufanya hivyo kwa jina la Uislamu. Siku zilizofuata misikiti kadhaa nchini ilishambuliwa, na kundi la mrengo wa kulia lilitangaza maandamano sehemu mbalimbali.

Katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, waumini wa msikiti mdogo walipata habari kwamba waandamanaji watafika mlangoni kwao Jumapili ya tarehe 26 Mei. Wangeweza kufunga milango. Walichofanya ni kuandaa chai na biskuti. Wakazi wengi wa mji walikuja kusimama upande wa msikiti. Waandamanaji waliofika hawakutimia hata kumi. Walikaribishwa ndani. Waliketi, wakanywa chai, wakazungumza kwa zaidi ya nusu saa, kisha baadhi yao wakacheza mpira pamoja na wenyeji wao.

Askofu Mkuu wa York wakati huo alikuwa ni yule yule John Sentamu, naye aliwasifu hadharani waumini wale.

Sidai kwamba kikombe kimoja cha chai kinafuta chuki ya miaka. Lakini kuna elimu nyuma ya jambo hili. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliandika kwamba makundi yanayodhaniana vibaya hupunguza dhana hizo yakikutana, hasa yanapokutana kwa hadhi sawa, yakiwa na lengo la pamoja na yakiungwa mkono na wenye mamlaka. Mwaka 2006 watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti zaidi ya 500 kuhusu suala hilo, wakakuta kwamba kwa jumla kukutana kunapunguza kweli chuki.

Imani kwa mafungu

Sasa, msikilizaji, huenda unasema: kuuliza ni sawa, lakini kuamini je? Si watu wametapeliwa? Si watu wamesalitiwa na ndugu zao wa damu?

Ni kweli. Ndiyo maana nataka tuutazame upatu, ambao Zanzibar wengine huuita mchezo na Kenya huitwa chama. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki hapa London wanaucheza. Kila mwezi kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na zamu kwa zamu mmoja huondoka na fungu zima. Mara nyingi hakuna mkataba wala mwanasheria. Kuna kodi za nyumba zilizolipwa kwa upatu, na kuna misiba iliyosafirishwa hadi nyumbani.

Je, wanawake wale wanaaminiana kwa kufumba macho? Hata kidogo. Mwanachama mpya huulizwa nani anayemjua. Mara nyingi hupewa zamu za mwisho, mpaka tabia yake ionekane. Akilipa kwa wakati mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili husogezwa mbele. Imani yake hukua kwa mafungu, kama akiba yenyewe.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Maneno imani, amani na amana yana mzizi mmoja. Amana ni kitu unachomwekea mwenzako akitunze. Imani ni ile hali inayokuwezesha kukiweka. Na amani ndiyo mazao ya hayo mawili.

Watu wote

Ipo siku ambapo fungu la imani hudaiwa lote kwa mkupuo. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililokuwa likielekea Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, lilivamiwa na wapiganaji wa al-Shabaab. Abiria walijua kinachofuata. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, katika eneo hilo hilo la Mandera, wapiganaji walikuwa wamewatenga abiria wa basi jingine na kuwaua watu 28 wasiokuwa Waislamu.

Safari hii wapiganaji waliwaamuru tena Waislamu wajitenge. Waislamu walikataa. Kabla ya hapo baadhi ya wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo mitandio yao wajifunike. Watu wawili waliuawa katika shambulio lile, lakini mauaji makubwa yaliepukwa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, ni miongoni mwa waliokataa kutengana na wenzao. Alipigwa risasi, na akafariki hospitalini mjini Nairobi mwezi Januari 2016. Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Nasimulia kisa hicho kwa sababu wauaji wale walitegemea kitu kimoja tu: kwamba abiria waliokaa kiti kimoja kwa saa nyingi watakuwa bado ni wageni wasiojaliana. Walikosea.

Tuanzie wapi?

Nina mambo machache ya kukupendekezea, msikilizaji, na yote nimeyajaribu mwenyewe.

La kwanza, tenganisha ulichokiona na ulichokidhani. Tangu mwaka 2016 abiria wa treni za Uingereza wamezoea kusikia tangazo linalowataka waseme wakiona jambo lisilo la kawaida. Ni tangazo la haki. Tahadhari kabla ya hatari ni hekima. Ukiona mfuko usio na mwenyewe, sema. Lakini mzee anayechezesha midomo yake si mfuko usio na mwenyewe.

La pili, uliza swali dogo, ambalo mwenzako anaweza kulijibu bila kuvunjiwa heshima yake. Nikusaidie? Jina la mtoto huyu nani? Chakula hiki kinanukia vizuri, mnakipikaje?

La tatu, toa imani kidogo kidogo, na uitazame inavyorudi. Mwachie jirani ufunguo wa sanduku la barua kabla ya kumwachia ufunguo wa nyumba. Akikuangusha umepoteza kidogo. Akikulindia umepata mtu.

La nne, nawe kubali kuulizwa. Sisi tuishio ughaibuni twaweza kuchoka na swali la wapi tumetoka, na mara nyingine lina nia mbaya. Lakini mara nyingine ni mtu anayeogopa, anayejaribu kuinama autazame unyasi.

Na ikiwa wasiwasi umekunyima usingizi kwa majuma, au umekuzuia kwenda kazini na kukutana na watu, usione aibu kumwona daktari. Huo nao ni ugonjwa, na una tiba.

Yule ndugu wa Bukavu na mkewe walikuja kuwa marafiki zangu. Bibi yake, kwa maana ya kwao, alinishonea kanzu ya kwanza niliyovaa Idi nikiwa London, kwa cherehani kile kile. Nilipomwuliza bei alikataa kuitaja. Alisema, siku ile ndani ya basi nilikuwa nimekwisha lipa.

Yule mzee wa treni naye sitamjua kamwe. Pengine alikuwa akivuta uradi kama babu yangu. Pengine alikuwa akihesabu madeni yake, au akimwombea mjukuu mgonjwa. Ningeweza kumwuliza, na sikumwuliza.

Msikilizaji, kesho utapanda basi, au daladala, au matatu, au treni, na atakuja mtu aketi kando yako akiwa na mzigo wake. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kabla hujahama kiti, mwamkie.

Hadi tutakapokutana tena, nakuaga kutoka London. Kwaheri.